Deni la Mrututu

Robo kilo, Bwana Khatibu, ulinikopesha bila karatasi ya deni,
ukaifunga kwa ukurasa wa daftari la mwanao,
na hesabu zake za kugawanya
zikawa buluu kabla sijafika Kipangani.
Wengine huja kwako kununua punje mbili tatu, za kidonda.
Mimi niliitaka yote.
Nilitaka niukuze mrututu uwe jiwe moja
kubwa kama yai la bata, lenye pande zake na ncha zake,
nikurudishie, uliweke mbele ya duka.

Kosa lenyewe dogo. Naliandika
lisije likasingiziwa shetani:
chupa zote zilijaa achari,
nikachukua sufuria ya mama, ile nyepesi ya alumini,
nikatia maji ya kisima chetu
ambayo hata kwenye chai chumvi hutangulia sukari.

Kwanza vipovu. Nikadhani yanachemka.
Kisha buluu ikachujuka kama kanga iliyosahauliwa juani,
na chini pakaota kitu chekundu, laini,
kinachoshika kijiko.
Bahati sufuria niliiweka ndani ya beseni,
maana hadi alasiri
ilikuwa imetoboka.

Mama hakupiga kelele.
Aliinyanyua, akaielekeza kwenye mwanga,
akaniangalia kupitia tundu.
"Hii nilipikia arubaini ya baba yako."
Akaenda zake kugeuza karafuu kwenye jamvi.

Sasa nisikilize, Khatibu, deni lako lilikuwa wapi:
si majini tena. Topeni.
Shaba imetoka, shabu imeingia,
herufi moja tu
na mama hana sufuria.

Nikalichuja tope kwa kipande cha melimeli.
Nikaliosha mara tatu, kama udhu,
ya nne ya wasiwasi.
Nikalikaanga juu ya kifuniko cha kopo la rangi,
nje, nyuma ya banda, moshi usifike kwenye karafuu,
wekundu ukaungua ukawa masizi.
Shaame, fundi beteri wa Limbani,
akanipimia tindikali, akanivisha glavu zake mwenyewe
zilizonizidi vidole:
"Ikikurukia, maji kwanza, kilio baadaye."

Nikaitia masizi chembe chembe.
Ilinywa, ikanyamaza.
Nikasema basi, nimepoteza mara mbili.
Nikainuka kwenda kuosha mikono
na niliporudi
buluu ilikuwa imekaa pembeni mwa bakuli,
haina haraka,
kama mtu aliyetoka msikitini
akakuta viatu vyake palepale.

Siku sita juu ya paa la choo, chini ya chandarua.
Yai la bata halikutoka.
Zimetoka punje, kama zile ulizonipa,
ila hizi nazijua moja moja.

Nimezipima kwa mizani ya kupimia karafuu,
kwa hiyo usiniape kwa gramu moja:
mia moja sabini na moja.
Sabini na tisa zilizobaki
ziko kwenye melimeli, kwenye kucha zangu,
kwenye hesabu za mwanao.
Hizo nitakulipa pesa, Jumatano, Shaame akinipa kazi.

Lakini yale maji ya kwanza bado yamo kwenye beseni.
Yamebaki maangavu. Ukiyaona utasema ya kunywa.
Humo ndimo kilimo kitako cha sufuria ya mama,
chote, hakikwenda popote,
na hakina rangi ya kunionyesha pa kuanzia.

Mama anapita na ungo.
Anauliza nitayamwaga lini.
Namwambia kesho.
Jana pia nilimwambia kesho.